Shule Ipi Inafundisha Vizuri? Namna ya Kulinganisha Sekondari za Serikali Ndani ya Wilaya Moja

Jirani yangu hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, mama mwenye duka la nafaka karibu na stendi, alikuja kwangu jioni moja akiwa na daftari la hesabu za mkopo. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amenakili majina ya sekondari tano za serikali, na kando ya kila jina ameandika asilimia aliyoisikia redioni. Kijana wake alikuwa amemaliza darasa la saba kwa agrigeti 19, yaani jumla ya alama zake za mtihani wa mwisho, na mama alitaka nimwambie jambo moja tu: kati ya zile tano, ipi inafundisha vizuri. Orodha ilikuwa imepangwa kuanzia asilimia kubwa hadi ndogo, naye alidhani kazi iliyobaki ni kuanza juu na kushuka mpaka afike kwenye karo anayoimudu.

Swali lake lilikuwa sahihi, lakini orodha haikuwa na jibu lake. Ilikuwa inajibu swali jingine kabisa, nalo ni hili: shule ipi ilipata wanafunzi wenye alama nzuri mwishoni mwa kidato cha nne. Maswali haya mawili yanafanana kwa sura, na ndiyo maana watu wengi, wakiwamo wakuu wa shule wanaojua ukweli, huyachanganya kila msimu wa matokeo.

Kwanza, neno "shule ya serikali" kwetu Uganda limebeba shule za aina mbili ambazo hazipaswi kuwekwa kwenye mstari mmoja. Aina ya kwanza ni sekondari zilizomo katika mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, USE, ulioanza mwaka 2007, miaka 10 baada ya ule wa shule za msingi. Mpango huo ulifungua mlango kwa mtoto aliyepata agrigeti 4 hadi 28 katika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na serikali ikaanza kwa kuipa shule ruzuku ya shilingi 41,000 kwa kila mwanafunzi kwa kila muhula, bila kugharamia bweni wala chakula. Aina ya pili ni shule kongwe za bweni, nyingi zikiwa zimeanzishwa na wamisionari, ambazo walimu wake wanalipwa na serikali lakini wazazi wanatoa karo kubwa, na ambazo huchagua wanafunzi wake kutoka kwenye tabaka la juu kabisa la matokeo. Gayaza ilianza mwaka 1905, King's College Budo na St. Mary's College Kisubi mwaka 1906. Kisheria, hizi nazo ni shule zinazosaidiwa na serikali, sawasawa na sekondari ya kutwa ya kata ndogo yoyote yenye madarasa sita na choo kimoja kilichojaa.

Msomaji asiyezoea mfumo wetu akumbuke kwamba agrigeti ndogo ndiyo nzuri. Mtoto hufanya masomo manne, kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo ya juu, hadi 9, kwa hiyo aliyefaulu kupita wote ana 4 na aliyeshindwa kabisa ana 36. Baada ya matokeo, wakuu wa sekondari hukutana Lugogo jijini Kampala kuchagua wanafunzi wa Sinia Wani, yaani kidato cha kwanza, na kila shule hutangaza kikomo chake. Shule yenye jina hukata kwenye agrigeti za tarakimu moja, ile ya kutwa hupokea waliobaki. Miaka minne baadaye tunashangaa kwamba ya kwanza imeishinda ya pili, kana kwamba tumesahau kuwa siku ya kwanza tulizigawia mbegu tofauti.

Jambo hili hupotosha hata ulinganisho wa wilaya kwa wilaya. Uganda haina utaratibu wa kumlazimisha mtoto asome sekondari ya eneo lake; wa Moroto anaweza kusoma Wakiso, na wa Busia akaenda Mukono, mradi amechaguliwa na karo ipo. Budo, Gayaza na Kisubi zote ziko Wakiso, na Namilyango na Namagunga ziko Mukono, lakini wanafunzi wake wametoka nchi nzima. Ukisema Wakiso imefanya vizuri, kwa sehemu kubwa umesema kwamba wazazi wa Lira, Kabale na Tororo wamepeleka watoto wao hodari huko. Vivyo hivyo hapa kwetu, shule kama Tororo Girls, yenye mabweni na wasichana kutoka wilaya nyingi, haiwezi kutumika kupimia hali ya elimu ya watoto wa Tororo, wala sekondari ya kutwa ya jirani haipaswi kuaibishwa nayo.

Kwa hiyo nilimwambia mama akate majina mawili kwenye daftari lake, si kwa sababu shule hizo ni mbaya, bali kwa sababu zisingempokea kijana wa agrigeti 19, na hivyo asilimia zake hazikumhusu. Zikabaki tatu, zote za USE, zote zikiwa na wanafunzi wa kutwa wengi. Hapo ndipo ulinganisho ulipoanza kuwa na maana, na ndipo pia tulipokutana na tatizo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko mengine yote na halisemwi redioni.

Asilimia ya ufaulu hupatikana kwa kugawa idadi ya waliofaulu kwa idadi ya waliofanya mtihani. Inaonekana ni haki tupu, ila haiulizi waliofanya mtihani ni wangapi kati ya walioingia. Tuchukue shule mbili za kubuni, tuziite ya Mlimani na ya Barabarani, kila moja ikiwa imepokea wanafunzi 200 katika Sinia Wani, wote wenye agrigeti zinazokaribiana. Miaka minne baadaye, Mlimani inaandikisha watahiniwa 80, na 40 kati yao wanapata C au zaidi katika masomo yote manane, asilimia 50. Barabarani inaandikisha watahiniwa 140, na 56 wanafikia kiwango hicho hicho, asilimia 40. Redio itatangaza kwamba Mlimani imeongoza kwa pointi 10, na muhula ujao wazazi watapanga foleni kwenye lango lake.

Sasa rudia hesabu ukianzia mlangoni. Kati ya watoto 200 walioingia Mlimani, 40 walifika mwisho na alama nzuri, yaani asilimia 20. Kati ya 200 walioingia Barabarani, waliofika hivyo ni 56, yaani asilimia 28. Shule iliyokuwa nyuma sasa iko mbele, na hakuna aliyebadilisha alama hata moja. Tumebadilisha tu tunachokigawia. Tena Mlimani imepoteza watoto 120 njiani, Barabarani imepoteza 60. Mzazi anayemtafutia mtoto shule anapaswa kujiuliza kwanza kuhusu wale 120, kwa sababu mtoto wake bado hajajulikana atakuwa upande gani.

Wanakwenda wapi? Wengine huhama na wazazi, na wengine huingia kutoka shule nyingine, hivyo hesabu ya mlangoni si kamili na haidai kuwa hivyo. Wapo wasichana wanaopata mimba na wavulana wanaoingia kwenye bodaboda au kuvuka mpaka kutafuta vibarua. Lakini wapo pia wanaoondolewa makusudi. Binti wa dada yangu alikuwa Sinia Thrii katika shule ambayo sitaitaja, na muhula wa tatu ulipokaribia kwisha aliambiwa aje na mzazi. Nilikwenda mimi. Mwalimu alitupokea kwa adabu, akafungua faili, akatuonyesha alama zake za hisabati na fizikia, kisha akasema kwa sauti ya upole kwamba "itakuwa vizuri kwake" akiandikishwa mtihani kwenye kituo kingine. Hakuna barua iliyoandikwa, wala neno kufukuzwa halikutamkwa. Msichana alifanyia mtihani shule nyingine, akapata cheti, na matokeo yake yakahesabiwa huko. Shule iliyomfundisha miaka mitatu ikabaki na asilimia safi.

Nafahamu kwamba mkuu wa shule anayefanya hivi naye amebanwa: bodi inamuuliza, wazazi wanamuuliza, na asipopanda kwenye orodha mwaka ujao atapata wanafunzi dhaifu zaidi. Hilo linaeleza mchezo, halimsafishi anayeucheza.

Jambo la pili linalovuruga ulinganisho ni kwamba kipimo chenyewe kimebadilishwa. Kwa miaka mingi tulizoea madaraja. Mtahiniwa alijumlishiwa masomo manane bora, kila moja likiwa na alama 1 hadi 9, akapata jumla kati ya 8 na 72, na waliokuwa kati ya 8 na 32 ndio tuliowaita wa daraja la kwanza. Orodha zote za magazeti zilijengwa juu ya hesabu hiyo. Kisha ukaja mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza na Sinia Wani ya mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza wakafanya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, mwishoni mwa mwaka 2024. Matokeo yalipotoka Februari 2025 hayakuwa na madaraja. Kila somo lina herufi kuanzia A hadi E, asilimia 20 ya alama inatokana na kazi na miradi ambayo mwanafunzi amefanya shuleni, na asilimia 80 inatokana na mtihani wa mwisho.

Aliyetimiza masharti ya cheti anawekwa kwenye kundi linaloitwa Result 1, na kati ya masharti hayo ni kupata walau D katika somo lisilopungua moja. Takriban asilimia 98 ya watahiniwa wa mwaka huo waliingia kundi hilo. Ndiyo maana tangazo linalosema "shule yetu imepata Result 1 kwa asilimia 100" halimsaidii mzazi kulinganisha chochote. Karibu kila shule nchini ingeweza kusema hivyo au karibu na hivyo. Mtu anayeweka kundi hilo sambamba na daraja la kwanza la zamani, na nimeona bango lililofanya hivyo kwa herufi kubwa, anauza kitu kisichokuwamo kwenye kifurushi.

Baraza la mitihani, UNEB, kwa upande wake halipangi shule kwa nafasi. Nafasi hizo ni kazi ya magazeti, redio na shule zenyewe, na sasa madaraja yakiwa yametoweka, kila mmoja anajitungia kanuni: huyu anahesabu A zote za shule, yule anatafuta mwanafunzi mwenye A nyingi zaidi. Kuhesabu A bila kugawa kwa idadi ya watahiniwa kunaipendelea shule kubwa. Kumtaja mwanafunzi mmoja bora kunatueleza habari za mwanafunzi huyo. Ile asilimia 20 ya kazi za shuleni nayo inahitaji uangalifu, kwa kuwa alama zake hutolewa na walimu wa shule yenyewe kabla ya kutumwa UNEB, na mwalimu mkali wa shule moja anaweza kuupa alama 12 mradi ambao mwenzake wa kijiji cha pili angeupa 18.

Kulinganisha mwaka 2023 na 2024 basi ni kulinganisha vibaba viwili visivyolingana. Na hata watahiniwa wenyewe hawakuwa wa kawaida: kundi lililoanza mtaala mpya mwaka 2020 lilikuwa limekaa darasani majuma machache tu shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Watoto wa mjini wenye simu na umeme walisoma kidogo wakati huo. Wa vijijini walilima. Shule ya kata ndogo iliyoonekana kushuka inaweza kuwa ilipokea watoto waliopoteza zaidi, na walimu wake wakafanya kazi kubwa kuliko tunavyoweza kuiona kwenye herufi.

Ukubwa wa shule pia una mchezo wake. Shule yenye watahiniwa 22, ambayo si ya ajabu kwenye kata ndogo mpya, hupanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 4 kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Malaria ya wiki ya mtihani inatosha kuifanya "imeporomoka". Kwa shule ndogo ni afadhali kujumlisha miaka mitatu kabla ya kusema lolote, na kwa kuwa kipimo kimebadilika, miaka hiyo mitatu ihesabiwe kuanzia 2024.

Mzazi anayetaka kujua ubora wa ufundishaji atapata zaidi akishuka kutoka jumla ya shule hadi kwenye somo moja moja. Hapa ndipo historia ya shule inapoonekana waziwazi, kwa sababu shule si kitu kimoja. Ni walimu kadhaa, na kila mmoja ana matokeo yake. Walimu wa sekondari huajiriwa na Tume ya Huduma za Elimu huko Kampala, tofauti na wale wa msingi wanaoajiriwa na tume ya wilaya, kwa hiyo afisa elimu wa wilaya anaweza kulalamika tu sekondari yake inapokaa mwaka mzima bila mwalimu wa kemia. Tangu mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, mara kadhaa ya mwenzake wa historia au lugha, na chuki iliyotokana na pengo hilo imeshasababisha migomo. Shule yenye walimu wa sayansi walioko kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na shule inayowategemea vijana wanaolipwa kutoka kwenye michango ya wazazi, zinaweza kuwa na jina moja la USE na kuwa mbali kama Tororo na Arua.

Niruhusiwe mfano wa Kiswahili, maana ndio unaotuuma sisi tunaokizungumza. Mtaala mpya umekiweka miongoni mwa masomo ya lazima Sinia Wani na Sinia Tuu. Sekondari isiyo na mwalimu wa Kiswahili bado itakiandika kwenye ratiba yake, na kipindi kitapita wanafunzi wakinakili misamiati kutoka ubaoni. Ukiuliza nani anafundisha somo hilo na anafundisha madarasa mangapi, utaijua shule kuliko kwa kusoma nafasi yake wilayani.

Kwa kidato cha sita hesabu ni nyingine tena: masomo makuu matatu yenye pointi hadi 6 kila moja na masomo mawili madogo ya pointi 1 kila moja, jumla 20. Wastani wa pointi wa shule yenye wanafunzi wengi wa historia na dini hauwezi kuwekwa kando ya ule wa shule iliyojaa wanafunzi wa fizikia na hisabati, na hapo sitaki kuongeza zaidi.

Kipimo kilicho karibu na haki ni kile kinachouliza mwanafunzi aliingia na nini na akatoka na nini. Chukua watoto wa agrigeti 17 hadi 21 walioingia kila shule mwaka mmoja, uwafuate hao tu mpaka Sinia Foo, kisha ulinganishe herufi zao. Data hii ipo: alama za PLE ziko kwenye fomu za kujiunga, na herufi za UCE ziko kwenye orodha ya kituo. Udhaifu wake ni kwamba agrigeti yenyewe si kipimo kinyofu. Mtoto aliyepata 12 katika shule binafsi ya mjini, baada ya kukaririshwa mitihani ya majaribio kila Jumamosi, huenda amefika ukingoni mwa uwezo wake, na aliyepata 24 kijijini, katika darasa la watoto 90 na mwalimu mmoja, huenda hajaanza hata kujionyesha. Sekondari inayompokea huyu wa pili inaweza kuonekana kufanya muujiza ambao kwa sehemu ni ubovu wa shule ya msingi unaorekebishwa. Pamoja na hayo, kati ya kipimo chenye kasoro hii na orodha ya redio, mimi nachagua hiki bila kusita.

Mama hakuweza kuwafuata watoto wa agrigeti 19 wa wilaya nzima, na hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Tulikaa kwenye benchi la duka lake, nikamwandikia maswali manne kwenye karatasi ya kufungia sukari, ayapeleke kwenye zile shule tatu: mlipokea wangapi Sinia Wani miaka minne iliyopita, mliandikisha wangapi mtihani, kati yao wangapi walipata C au zaidi katika hisabati na Kiingereza, na walimu wangapi wa sayansi wanalipwa na serikali. Alifunga duka Alhamisi na Ijumaa, jambo ambalo kwake si dogo. Shule ya kwanza kwenye orodha ya redio ilimpa jibu la swali la tatu tu, kwa furaha, pamoja na kalenda yenye picha ya jengo. Ya pili, karani alimfungulia daftari la uandikishaji akasoma kwa kidole: 164 waliingia, 121 waliandikishwa, na mwalimu wa taaluma akaandika mengine nyuma ya karatasi ile ile. Ya tatu ilimwambia arudi Jumatatu.